Je, Yafaa Kuuza Nyumba ili Mgonjwa Apasuliwe kwa Mashine?

Katika darsa yetu ya usiku wa Jumatano yaliletwa mas-ala ambayo tulidhani yatajibiwa kwa maneno mawili matatu, nayo yakatukalisha mpaka karibu na saa tano. Tumeonelea tuyaandike hapa, kwa sababu nyumba nyingi za miji yetu ya pwani zimekwisha kuyakabili au zitayakabili, na kwa sababu majibu yanayotolewa barazani juu yake mengi hayana mguu wa kusimamia.

Wenye mas-ala ni jamaa za ndugu yetu mmoja, dereva wa lori la masafa marefu, ambaye akiwapo mjini hakosi darsa. Alikuwa Malaba, katika foleni ya malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda, zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Mombasa alikopakia, wenzake walipoona macho yake yamekuwa ya manjano. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuona mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, ngozi inamwasha usiku, na suruali zinamlegea kiunoni. Lakini hakuwa na maumivu, na mtu asiye na maumivu hujihesabu mzima. Mmoja katika wenzake akasema ametupiwa jicho. Mwengine akamtajia mzee wa upande wa mjini Busia anayeandika makombe. Kwa qadari ya Mwenyezi Mungu akapatikana aliyemchukua kwa gari mpaka Nangina, kusini ya Busia katika nchi ya Wasamia, kwenye hospitali ya misheni ya Kikatoliki. Wakampima kwa mashine ya mawimbi ya sauti wakaona mfereji wa nyongo umefura. Daktari akamwambia bila ya kuzunguka kwamba kuna kitu kinachouziba penye kichwa cha kongosho, kwamba dawa yake haiko hapo, na kwamba aende Eldoret upesi, asingoje kuushusha mzigo kwanza. Akaenda. Majibu ya skani akapewa ndugu aliyemsindikiza, na neno lililoandikwa katika karatasi ile nyumbani kwao hulitaja mpaka leo kwa kunong'ona: saratani.

Basi jamaa wakakutana. Mpwa wake aliyeko Maskati alipiga simu kusema kwamba India kuna hospitali zinazoutoa uvimbe wa namna hiyo kwa roboti, na kwamba gharama yake haipatikani illa nyumba iuzwe. Nyumba yenyewe ni ya marehemu baba yao, aliyefariki miaka kumi na miwili iliyopita, na mpaka hivi leo haijagawanywa. Humo wamo mama yao mzee, dada yao mjane, na watoto watatu wadogo wa kaka yao aliyekufa baada ya baba. Hapo watu wakawa makundi matatu. Kundi moja lilisema kwamba huko ni kuikimbia qadari, na kwamba mkono wa chuma hauna baraka. Kundi la pili lilisema roho haina bei, nyumba iuzwe leo kabla ya kesho. Kundi la tatu, nalo ndilo lililokuwa kubwa, halikusema ndiyo wala la. Lilisema jambo moja tu: mgonjwa asiambiwe.

Kabla ya hayo tupite upesi juu ya neno alilolitoa mzee mmoja, kwamba haikumpasa Muislamu kulala katika kitanda chenye msalaba ukutani na kuhudumiwa na masista. Mtume (S.A.W.) alipohama kwenda Madina alimkodi Abdullahi bin Urayqit awaonyeshe njia, naye hakuwa Muislamu, akamwamini kwa uhai wake na uhai wa Abubakari. Na katika upokezi wa Abu Daud, Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Kithaqif, mtu ambaye wanavyuoni wamekhitalifiana hata kama alisilimu. Kilichotazamwa ni ujuzi na uaminifu. Lau tungekuwa na hospitali yetu wenyewe huko mpakani, mzee wetu angekuwa na haki ya kuuliza. Hatuna, na masista wanayo.

Sasa tuseme kinachosemwa ni nini, kwani wengi waliobishana usiku ule walikuwa wanabishana juu ya kitu wasichokijua. Kongosho ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Hutoa maji ya kuyeyusha chakula, na hutoa dawa ya mwili inayotawala sukari katika damu. Kwa kuwa kimejificha, uvimbe wake hukua kimya. Ukiwa penye kichwa chake, huenda ukaubana mfereji wa nyongo mapema, na hapo ndipo macho huwa manjano, mkojo ukawa mweusi na choo kikawa cheupe kama udongo. Ukiwa penye mkia, mara nyingi haujulikani mpaka umekwisha kuenea. Katika kila wagonjwa mia, wale ambao uvimbe wao hupatikana ungali unatoleka ni kiasi cha 15 mpaka 20. Hata Marekani, pamoja na mashine zao zote, wanaoishi miaka mitano baada ya kugunduliwa ni kiasi cha 13 katika mia.

Upasuaji wa kichwa cha kongosho unaitwa kwa jina la Allen Whipple, mpasuaji wa New York aliyeueleza mwaka 1935. Hukatwa kichwa cha kongosho, na mwanzo wa utumbo mwembamba, na mfuko wa nyongo, na sehemu ya mfereji wake, na pengine kipande cha tumbo la chakula. Kisha kilichobaki huungwa upya mahali patatu: kongosho, nyongo na tumbo, vyote vishonwe kwenye utumbo. Ni kazi ya saa nyingi, na ushoni wa pale penye kongosho ndio mgumu kuliko wote, kwani nyama yake ni laini mno na maji yake yakivuja huila nyama ya mtu mwenyewe. Kazi hii ilianza kufanywa kwa roboti mwaka 2001, na Mtaliana Pier Cristoforo Giulianotti.

Mtu akisikia neno roboti hudhani ni sanamu la chuma linaloamua lenyewe. Sivyo. Mpasuaji hukaa penye meza yake, vidole vyake katika vishikio, macho yake penye kioo kinachomwonyesha ndani ya tumbo kwa ukubwa wa kuzidi. Mikono ya mashine, iliyoingia mwilini kwa vitundu vidogo badala ya mpasuo mrefu, huufuata mkono wake. Mkono wa mtu ukitetemeka, mashine haitetemeki. Mkono wa mtu ukienda mwendo mrefu, chombo huenda mwendo mfupi. Daktari akiondoa vidole vyake, mashine husimama. Iliyoenea zaidi ni ile iitwayo da Vinci, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000. Na waya ukiwa mrefu, daktari aweza kuwa mbali: tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux, akiwa New York, alimtoa mfuko wa nyongo bibi mmoja wa miaka 68 aliyelala Strasbourg, Ufaransa. Chuo chake, IRCAD, kilifungua tawi Kigali mwaka 2023. Na mwezi wa Juni 2025 Vipul Patel, akiwa Orlando katika jimbo la Florida, alimpasua tezi dume yenye saratani mgonjwa aliyekuwa Luanda, Angola. Kwa hiyo jambo hili halikuwa tena hekaya ya ng'ambo.

Ikaulizwa darsani: mkono huo ni wa nani? Tukajibu kwa mfano walioujua mafakihi tangu zamani. Mwindaji hutaja jina la Mwenyezi Mungu akarusha mshale, na mnyama akafa pale asipofika mwindaji kwa mkono wake. Je, aliyewinda ni mshale? Hakuna fakihi aliyesema hivyo. Kitendo ni cha mwenye mshale, na uhalali na uharamu humrudia yeye. Mashine haina akili wala taklifu; haiandikiwi thawabu wala dhambi. Anayeponya ni Mwenyezi Mungu, na sababu ni mtu, na chombo ni chombo.

Wala chombo hiki si kigeni kwa umma wetu kama wanavyodhani waliokitia shaka. Abul-Qasim Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, alichora katika kitabu chake picha za vyombo vya upasuaji karibu mia mbili. Al-Jazari, huko Diyarbakir, alimaliza mwaka 1206 kitabu cha mashine, na miongoni mwa hizo ni sanamu la mtumishi linalommiminia mtu maji ya kutawadha. Tunayataja haya kwa kuondoa shaka tu, si kwa kujivuna. Maana tumechoka na watu ambao kila likitajwa jambo jipya husema lilikuwa letu, kisha wakarudi kulala. Na ndugu yetu alikolazwa, katika milima ya Samia, mababu wa wenyeji wake waliyeyusha mawe ya chuma wakafua majembe ya kuuza nchi za jirani. Sidhani kwamba mkulima aliyenunua jembe aliambiwa tawakkul yake imepungua.

Kundi la kwanza lilishika hadithi ya watu sabini elfu watakaoingia Peponi bila ya hisabu, wale wasioomba kuzinguliwa wala kuchomwa moto kwa ajili ya maradhi. Hadithi ni sahihi. Lakini Imamu Ghazali ameipambanua mas-ala hii katika Ihya kwa namna inayotosha. Amezigawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu. Liko fungu la yakini, kama maji kwa mwenye kiu: kuyaacha si tawakkul, bali ni haramu panapochelewa mauti. Liko fungu la dhana yenye nguvu, kama dawa zinazojulikana kwa matabibu: kuzitumia hakupingani na tawakkul, wala kuziacha si haramu. Na liko fungu la wahamu, na hilo ndilo ambalo kuliacha ni sharti ya tawakkul. Sasa tuulize: makombe ya Busia yako katika fungu gani, na skani ya Eldoret iko katika fungu gani? Yule ndugu aliyesimama kwa sauti kubwa kusema kwamba roboti ni kumtegemea asiyekuwa Mungu, mkono wake alipounyanyua ulikuwa na hirizi, na sote tuliiona.

Upasuaji wa kongosho, kwa yule ambaye uvimbe wake unatoleka, ni katika fungu la pili. Kwa waliotolewa uvimbe, wapo wanaoishi miaka mitano na zaidi, na dawa za saratani zinazofuata baada ya kisu huzidisha idadi yao. Lakini wengi kwao ugonjwa hurejea. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jidda mwaka 1992 lilitamka kwamba asili ya kutafuta dawa ni jambo la sharia, na kwamba huwa wajibu ikiwa kuacha kutapelekea mauti au kupotea kiungo au maradhi kuwaambukiza wengine. Nasi twafahamu kwamba wajibu huo hufuata nguvu ya dawa yenyewe: mtu hawajibishiwi kushika kamba isiyofika kisimani. Kwa hivyo ndugu yetu akitaka kupasuliwa, hakumkimbia Mola wake. Saidna Omar aliporejea njiani asiingie Shamu penye tauni, alijibu kwamba anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kwa kuiendea qadari yake nyingine. Na akichagua kutopasuliwa baada ya kujua, naye hatumwiti mwenye kujiua.

Lakini hata kundi la pili lilikosea, na kosa lao ni la hila zaidi kwa sababu limevaa nguo ya mapenzi. Waliuliza, "Roboti iko wapi na bei gani?" Hawakuuliza kama uvimbe umeuzunguka mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya kongosho. Ukiwa umeuzunguka, mara nyingi mkono wa mtu hauutoi wala mkono wa mashine hauutoi, na aliyeuza nyumba ameuza nyumba ili aambiwe India yale ambayo angeambiwa Eldoret. Hawakuuliza pia kama mashine yaupita mkono. Majaribio yaliyofanywa Heidelberg, Ujerumani, yakatangazwa mwaka 2024, yaliwalinganisha waliopasuliwa kongosho kwa roboti na waliopasuliwa kwa mkono, na madhara ya baada ya upasuaji yakawa yanakaribiana. Majaribio ya China ya mwaka huo huo yaliona kwamba wa roboti hutoka hospitali siku chache mapema. Siku chache ni neema kwa mwenye maumivu. Je, ni neema inayolingana na paa la mama yake?

Na kuna jambo lenye uzito kuliko mashine. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002 uliangalia wazee waliotolewa kongosho: katika hospitali zinazoifanya kazi hiyo kwa nadra sana walikufa 16 katika mia, na katika hospitali zinazoifanya mara kwa mara walikufa chini ya wanne. Tofauti hiyo hailetwi na chuma; inaletwa na mazoea ya mikono, na mazoea ya wauguzi wanaojua dalili ya kwanza ya kuvuja. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Nasai na Ibn Maja, kwamba anayejitia katika utabibu ilhali hakujulikana nao, yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Zingatia sharti: kujulikana nao. Basi swali la kisharia na swali la kidaktari ni moja, nalo ni hili: umeifanya kazi hii mara ngapi, na walionusurika ni wangapi? Mwenye kununua jahazi humwuliza nahodha safari zake, wala haoni haya. Kwa nini aone haya anayempa mtu tumbo lake?

Tuje sasa kwenye nyumba, nako ndiko tulikokaa sana. Baba alipokufa aliacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Ikiwa hapana deni wala warithi wengine, nyumba ni mafungu 40: mama matano, kila mwana wa kiume 14, binti saba. Kaka alipokufa, mkewe akiwa amemtangulia, mafungu yake 14 sudusi yake ni ya mama, na yaliyobaki ni ya wanawe watatu. Mgonjwa wetu ana mafungu 14 katika 40, si zaidi. Waliokuwa wakisema "tuuze nyumba yake" walikuwa wakiuza nyumba ambayo zaidi ya nusu yake si yake, na katika hiyo kuna mali ya mayatima ambayo walii hana ruhusa ya kuitoa sadaka, hata kwa ami yao, hata kwa kuokoa roho. Hili halikutajwa na yeyote mpaka lilipoulizwa darsani, na sababu yake sote twaijua. Tumezoea kuacha nyumba za marehemu bila ya kuzigawa, tukaita jambo hilo heshima na umoja. Siku ya shida hakuna ajuaye lake, na mwenye sauti kubwa huuza la mwenye sauti ndogo.

Kwa upande wake mwenyewe mambo ni mapana. Yako maneno barazani kwamba mgonjwa wa kufa hana mamlaka illa juu ya thuluthi. Hayo ni katika kutoa: hiba, wakfu na wasia. Ama kula kwake, na dawa yake, na kupasuliwa kwake, hayo ni haja zake, na ni juu ya mali yake yote. Mafungu yake 14 akiyatumia yote kwa kutafuta uzima, hakumdhulumu mrithi. Hata hivyo Saad, yule yule aliyeelekezwa kwa tabibu, alipougua Makka akataka kutoa mali yake, Mtume alimrudisha mpaka kwenye thuluthi na akaiona thuluthi nayo ni nyingi, akimfahamisha kwamba kuwaacha warithi wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyosha mikono kwa watu. Hadithi hiyo haimharamishii mgonjwa dawa. Lakini inamwekea mbele yake nyuso za watu, naye ni lazima aziangalie kabla ya kutia sahihi. Mama na dada wakitaka kutoa mafungu yao kwa radhi zao, watoe, baada ya kuambiwa ile hisabu ya 13 katika mia. Radhi ya asiyejua si radhi.

Hapo ndipo linapoingia kosa la kundi la tatu. Katika mambo yote yaliyosemwa usiku ule, hakuna lililotusikitisha kuliko kwamba mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyeendesha lori mpaka Kampala na Kigali na Juba, anapimiwa umri wake na mali yake nyuma ya mlango kama mtoto. Wanasema ni huruma. Tunaijua huruma hiyo. Sote tumeifanya, na mwandishi wa maneno haya aliifanya kwa baba yake, na mpaka leo hajui kama mzee yule alikuwa na deni. Mtume ametuhimiza kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale hata masiku mawili illa wasia wake umeandikwa. Ataandika vipi asiyejua? Atalipa vipi saumu zake, atamtaka msamaha vipi aliyegombana naye, ataamua vipi juu ya kisu? Yule bibi mweusi aliyekuwa na kifafa alipomwendea Mtume kutaka dua, alipewa uchaguzi: asubiri na apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asiwe akifunuka mwili anapoanguka. Angalia adabu iliyomo. Anayeumwa ndiye aliyeulizwa.

Kusema kweli si kumpiga mtu kwa jiwe. Aambiwe na anayempenda, akiwa amekaa, kidogo kidogo, aachwe aulize. Na aambiwe pia kwamba hata uvimbe usiotoleka haumaanishi kuachwa. Nyongo iliyozibwa hufunguliwa kwa kijibomba kinachotiwa bila ya mpasuo mkubwa, na kuwashwa kukapungua. Maumivu yana mofini. Ng'ambo ya mpaka ule ule wa Malaba, Dakta Anne Merriman alianzisha Kampala mwaka 1993 shirika la kuwauguza wasiotarajiwa kupona, na wakawa wanachanganya mofini ya maji kwa bei nafuu, mtu akanywa kwake nyumbani. Wako wanaoikataa kwa kusema ni kileo. Dawa inayopewa mwenye maumivu makali, kwa kipimo cha tabibu, hali hakuna inayotosha badala yake, si kileo cha anayetafuta kulewa. Na dharura ina hukumu yake katika madhehebu zote. Chupa ile haina sifa ya roboti na hakuna mpwa aliyeipigia simu kutoka Maskati, lakini wagonjwa wa kongosho watakaoihitaji ni wengi kuliko watakaofika penye roboti.

Neno moja juu ya Nangina, kwa kuwa hospitali ndogo hudharauliwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alieleza uvimbe wa mataya wa watoto wa Afrika, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000, hospitali ndogo baada ya hospitali ndogo, akiwaonyesha madaktari wa misheni picha na kuwauliza kama wameuona. Kwa kuuliza huko akaijua mipaka ya ugonjwa, na elimu ya saratani ya dunia nzima ikapata faida. Ndugu yetu naye, kilichomfikisha mapema ni chumba kimoja cha kupimia na daktari asiyezunguka maneno. Lau angalikunywa kombe miezi mitatu, tusingalikuwa na mas-ala ya kujadili. Basi mwenye kuona macho yake yamegeuka manjano bila ya homa, au anayekonda bila ya sababu, au aliyepata kisukari ghafla utu uzima huku mwili ukipungua, asiende kwa mwandishi wa makombe. Na anayevuta sigara ajue kwamba maradhi haya humpata karibu mara mbili ya asiyevuta. Hilo tumelisema katika kurasa hizi kwa sababu nyingine, na hii iongezwe.

Mgonjwa aliambiwa siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, na mjomba wake. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza mambo mawili: uvimbe umeshika mshipa au haukushika, na nyumba ni ya nani. La kwanza hapakuwa na aliyelijua, ikabidi waulizwe madaktari. Wakajibu kwamba kwa wanavyoona katika picha haukushika. La pili alilijua yeye mwenyewe kuliko wote; akataka nyumba igawanywe kwanza kwa kadhi, na mafungu ya watoto wa kaka yake yaandikwe kwa majina yao. Limefanyika hilo. Mafungu yake 14 ameyanunua mpwa wake wa Maskati, kwa pesa alizokuwa akizikusanya za tikiti za India, na wenye kukaa ndani wamebaki ndani. Atapasuliwa papa hapa nchini, kwa mkono, si kwa mashine. Mpasuaji alipoulizwa amekwisha kuifanya kazi hiyo mara ngapi hakukasirika. Aliitaja idadi, akawataja na waliokufa. Siku iliyowekwa ni Jumanne ijayo, na wanaotaka kutoa damu wamwone katibu wa darsa baada ya sala ya Isha.